Vipande vya Gari ya Mzee Jaribu

Gari mpya ya Msellem ilifika Mtambile ikinuka uvumba. Ilikuwa pikapu ya kijani, ndiyo kwanza imeteremshwa bandarini Mkoani, viti vyake bado vina karatasi, na haijapakia hata kikapu cha muhogo. Lakini kila aliyeingiza kichwa dirishani alikitoa upesi akajipangusa pua. Watu walicheka. Wakasema labda Devji, mwenye duka aliyemwagizia, ameifukiza ili ipate bahati. Devji akaapa kwamba hajaichomea hata kijiti cha udi.

Asiyecheka alikuwa Bi Mwanamize, mamake Msellem. Alisimama mlangoni, pembe ya kanga mdomoni, akiitazama gari ile kama mtu aletewaye mke mwenza.

"Nshakwambia, mwanangu," alisema. "Ile ya babako ungeitengeza."

"Mama, ile ilioza."

"Kilichooza n'chuma. Mwenyewe hajaoza."

Nyumba ile ilikuwa imegombana juu ya jambo hilo msimu mzima. Karafuu zilikuwa zimezaa mpaka matawi yakainama, na kwa mara ya kwanza Msellem alikuwa na uwezo wa kuchagua: anunue gari mpya, au aifufue pikapu kuukuu aliyoachiwa na marehemu babake, Mzee Jaribu. Mkewe, Mwatum, alitaka mpya. Alikuwa amechoka kushuka kila kilima kusukuma gari na mtoto mgongoni, na nani angemlaumu? Bi Mwanamize alitaka ile ya zamani, na sababu yake ilikuwa moja tu. Mzee Jaribu alipoinunua aliizindika, kama watu wazindikavyo nyumba. Mganga wa Kisiwa Panza aliiwekea jini wa kuilinda, na mzee akaiendesha umri wake wote bila kuangukia hata mtaro.

Sasa, kitu kilichozindikwa hakivunjwi hivi hivi. Huitwa kwanza yule aliyerithi mkoba wa mganga, akakizindua na kumuaga mlinzi wake kwa heshima. Kila mtu Pemba alilijua hilo. Msellem naye alilijua, lakini alikuwa amesoma skuli kidogo, akaona haya kumwita mganga kwa ajili ya chuma chakavu. Akaivunja. Tena akaivunja kwa ukarimu, masikini, maana alikuwa na roho nzuri.

Kila mtu alipata chake. Matairi yakakatwa makubadhi. Springi zikapelekwa Chokocho kwa mhunzi, akazifua visu na majembe. Milango ikaenda bandani kwa kuku, mbao za bodi zikawa choo, tangi likawa la maji, na oili ikapakwa nguzo za nyumba kuzuia mchwa. Ilikuwa miaka ya siasa, watu wa chama hiki na wa chama kile hata kuzikana hawazikani, lakini kwenye vipande vya gari ya Mzee Jaribu wote walikutana. Injini peke yake ndiyo iliyouzwa, ikapakiwa melini, ikaenda zake.

Haukupita muda watu wakaanza kunong'ona. Yule wa banda aliwakuta kuku wake wamejibana pembe moja, hawali, wanautazama mlango. Mwanamke mmoja alikuwa akipara samaki kwa kisu kipya, akasikia kisu kinaguna. Na Shaame, jirani, aliyetengenezewa makubadhi, alitoka kwake adhuhuri kwenda msikitini akajikuta uwanjani kwa Msellem, amesimama palepale ilipokuwa ikiegeshwa ile gari kuukuu, jasho linamtoka.

"Sikuja miye," alimwambia Msellem kwa sauti ya chini. "Nimeletwa na miguu."

Msellem alicheka. Lakini siku hiyo hakuitia moto ile gari mpya atoke nayo.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Time, msichana wa makamo ya kuanza chuo cha Kurani, waliyempata baada ya kumkatia tamaa. Mchana mmoja Mwatum alikuwa jikoni anakuna nazi, akamsikia mwanawe nje anacheza gari, anavuma kwa mdomo kama watoto wote wanavyovuma, akatabasamu, akaendelea kukuna. Baadaye akili yake ikamwambia kwamba mvumo ule haujakatika hata mara moja, kwamba hakuna kifua cha mtoto kinachoweza kuvuma hivyo bila kuvuta pumzi, akatoka na mbuzi ya nazi mkononi akamkuta Time amekaa juu ya doa la oili lililoachwa na gari kuukuu, miguu ameinyoosha, macho meupe, midomo imefungwa kabisa, na mvumo unatoka.

"Time! Mama'ngu we!"

Mvumo ukanyamaza. Sauti nzito, kavu, ikatoka ndani ya mtoto bila midomo kufunguka.

"Viungo vyangu vi wapi?"

Jioni ile mkono wake wa kulia ulilegea. Kulipokucha, miguu yote miwili ilikuwa imekufa ganzi. Msellem akatambua kwamba haya yake ilikuwa ujinga mtupu, akakimbia Chokocho akavuka Panza kumleta Mzee Kificho, mwenye mkoba.

Kificho alimtazama mtoto, akaitazama gari mpya, akakaa chini akashika kichwa.

"Umemkata vipande, naye anamkata mwanao," alisema. "Kaifuate gari ya babako. Kila kipande. Uiunge."

Basi Msellem akaitengeneza ile gari aliyokataa kuitengeneza. Aligonga mlango kwa mlango, akiinama, akiomba. Na watu walitoa, Mungu awajaze kheri, wengine walikuwa wanamngojea. Makubadhi yaliporudi yakapangwa mahali pa magurudumu, Time alitikisa vidole vya miguu, na Mwatum akalia kwa furaha. Visu na majembe vilipofungwa pamoja kwa kamba, mkono ukapata nguvu. Walibomoa choo. Walikwangua nguzo za nyumba mpaka ukuta ukapinda, wakaukusanya ule ukwangu mweusi kwenye kata. Uwanjani ukasimama mfano wa gari, usukani wake wa zamani mahali pake, umefungwa kwa waya na kamba za makumbi, kitu cha kuchekesha kama kusingekuwa na mtoto amelala kwenye mkeka pembeni yake, viungo vyote vizima, macho bado meupe, pumzi inazidi kuwa fupi.

Kificho alifukiza, akasoma, akauliza kwa upole, "Bwana mkubwa, umerejeshewa. Kimebaki nni?"

Msellem akadakia, "Kama n'injini, ntaitafuta hata ng'ambo!"

"Injini sina haja nayo," ilisema ile sauti kifuani mwa Time. "Dereva."

Watu waliokuwa uwanjani walirudi nyuma wote pamoja.

"Yakhe, usipande," alinong'ona Kificho. "Nipe nafasi nimuombe jengine."

Msellem alimtazama mwanawe. Kifua kilipanda, kikakaa, kikachelewa kushuka.

"Nkipanda ataamka?"

Bi Mwanamize, ambaye maneno yake yote yalikuwa yametimia na hakuna hata moja lililomfaa, akajifunika kanga usoni, na Msellem akaupinda mguu wake juu ya ule mlango wa banda la kuku, akajikalisha, akaushika usukani, na papo hapo Time akapiga chafya, akafumbua macho, akaomba maji.

Msellem hakushuka. Walimvuta wanaume wazima, hawakuweza kuvifungua vidole vyake. Kificho alisema anakwenda Panza kuchukua dawa, asirudi tena.

Siku zikapita, gari mpya ikaota majani, hapana aliyetaka kuinunua. Mwatum alimlisha mumewe uji kwa kijiko, mume anayezungusha usukani mchana kutwa, anakanyaga breki zisizokuwapo, macho yake njiani. Hakumjua. Hakumjua mamake. Mwatum alimkataza Time kukaribia uwanja ule, akamfunga hata kamba kiunoni, akijua kwamba mtoto humpenda babake na kamba hukatika.

Asubuhi moja alikuwa barazani anachagua mchele, akamsikia Msellem akisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu siku ile, akalisema kwa ule uchangamfu aliokuwa akiwaitia abiria zamani, alipoiendesha gari ya babake.

"Wapi, bibi mdogo?"

"Popote, baba," ilijibu sauti ya Time.

"Panda basi. Tunachelewa."

Ungo ukamwangukia Mwatum, mchele ukamwagika, akakimbia akipiga kelele, akauona mlango unajifunga nyuma ya kanzu ya mwanawe. Akaurukia, akaushika kwa mikono miwili. Na ile gari isiyokuwa na injini ikawaka.