Mlango wa Kaku Ngalula

Seremala huvumilia mengi: mbao mbichi, wateja wakali, hata mke aliyenuna. Lakini mlango alioutundika kwa mikono yake mwenyewe ukigoma kufungika, hapo ameguswa pabaya. Jioni ile Mbayo aliufunga mlango wake mpya, akasukuma komeo mpaka mwisho, akazunguka kwa mlango wa nyuma kwenda uani, ambako mkewe alikuwa anasonga bukari. Wakala, wakaongea, wakarudi ndani. Mlango wa mbele ulikuwa wazi hadi ukutani, na komeo limelala sakafuni.

"Mignonne, ni we njo ulifungua?"

"Mi? Si tulikuwa bote kule nyuma?"

Mbayo akakagua bawaba. Akapima fremu. Hakuona kosa. Akamtazama mkewe kwa jicho la pembeni, halafu akatazama ng'ambo ya ua, kwa jirani yao Tata Banza, akasema moyoni: huyu ananitafuta.

Msimshangae. Mwaka ule Kolwezi nzima watu walikuwa wakitazamana hivyo. Kampuni ya shaba ilikuwa imelala chali, mishahara imekuwa ngano ya kuwasimulia watoto, na Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai lakini waliozaliwa humu humu na kuzika wazazi wao humu humu, walikuwa wakifukuzwa warudi eti kwao. Nyumba zilibadilisha wenyewe mchana kweupe. Kila aliyepata nyumba aliulizwa aliipataje, na Mbayo, jamani, alikuwa amepata nyumba.

Na kwa njia ya kawaida asingeipata hata angezaliwa mara ya pili. Alikwenda ofisi ya mikopo ya nyumba amevaa shati la harusi yake. Karani akamwuliza anafanya kazi kwa nani.

"Mi ninajitumikia mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Mikono haina muhuri, tata. Leta karatasi ya mushahara. Kama hauna, leta mutu wa kukudhamini."

Mdhamini angemtoa wapi? Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho. Alikuwa akipokea malipo ya kwanza ya kabati, anayala, na mwenye kabati akija kudai, Mbayo anajifungia ndani na kuita bila kufungua: "Kesho, mama! Kuya kesho!" Kuna waliosubiri kabati mpaka nguo zenyewe zikachakaa.

Mignonne alikuwa amechoka. Mimba yake ya kwanza ilitoka siku mwenye nyumba alipowatupia vyombo nje kwenye mvua. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na alikwisha sema neno lake. "Huyu mutoto hatazaliwa mu nyumba ya kupanga. Kama hakuna nyumba yetu, mi narudi kwetu Kasaji. We utabaki na randa yako, ikupikie."

Hapo ndipo alipoitwa na Kaku Ngalula.

Kaku, yaani bibi kizee, alikuwa mjane wa Kikasai. Nyumba aliachiwa na marehemu mumewe, aliyeipata kwa kampuni baada ya kuitumikia maisha yake yote. Miguu yake ilikwisha kufa zamani. Alishinda amekaa mkekani mlangoni, akinusa tumbako yake na kusalimia wapitao. Mlango huo alikuwa ameutengeneza Mbayo mwenyewe, kwa mbao nzito za mulombwa. Ndiyo kazi pekee aliyowahi kuimaliza kwa wakati, maana bibi alikaa pale pale akimtazama hadi msumari wa mwisho.

Vijana waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba walikwisha mwambia aondoke. Watu wenye pesa zao wakaja kununua nyumba kwa bei ya gunia la unga. Kaku aliwafukuza, akamwita Fundi Kesho.

"Benye franga banataka kuniibia," alisema. "We hauna franga, lakini uko na mikono. Ingia. Utalipa kidogo kidogo, kila mwezi ikiisha."

Mbayo hakuamini masikio yake. "Kaku, batu bote banasema mi sijue kulipa."

"Nimesikia." Akanusa tumbako, akajifuta pua. "Karatasi sikuombe. Mudhamini sikuombe. Mi mwenyewe njo nitakuya kuchukua. Utanisikia napiga hodi."

Mbayo aliitazama ile miguu iliyonyauka, akainamisha uso ili bibi asimwone anavyotabasamu.

Kaku aliomba kitu kimoja tu. Ang'oe mlango, wambebe juu yake kwenda stesheni, ambako waliofukuzwa walingojea treni, maana machela hakuna. Mbayo akaung'oa. Mjukuu wa Kaku, Simone, pamoja na vijana wa kanisa, wakamlaza bibi juu ya mbao na kumwinua. Walipofika barabarani Kaku akagonga ule mlango kwa kifundo cha kidole, pale pale alipolala. Ko, ko, ko.

"Usisahau hii sauti," akamwambia.

Mwezi ukaisha. Mbayo alikuwa na pesa, msinione namsingizia. Zilikuwa kwenye kopo la maziwa, na stesheni haikuwa mbali. Lakini Tata Banza alimcheka. "Utamulipa nani? Bale banakwenda, na deni yabo inapanda treni pamoja nabo."

Treni hazikuwa zinakuja, na Mbayo alilijua hilo. Umati ulikuwa umelala kando ya reli wiki baada ya wiki, na moshi wa mioto yao ulifika mpaka mtaani, pamoja na habari za kuhara na za makaburi mapya. Akajiambia wamekwisha ondoka. Pesa akanunulia mbao. Mwezi wa pili akafanya vile vile, na mkewe alipouliza, akamjibu, "Nimelipa."

Ndipo mlango ukaanza kufunguka.

Kwanza akabadilisha komeo. Kisha akaongeza la pili. Akamwaga majivu kizingitini ili aone nyayo za Banza, lakini asubuhi hakukuwa na nyayo hata moja, ila majivu yalikuwa yamefagiliwa pande zote, kama yamepitiwa na kitu kipana kinachokokotwa. Mignonne naye akaanza kunusa nusa hewani.

"Nani anavuta tumbako humu?"

"Hakuna tumbako," akasema Mbayo. Lakini alikuwa ameisikia tangu juzi, tumbako ya kunusa, kali, ya kizee.

Siku moja mvua ya mchana ikawafungia ndani. Mbayo aliuzuia mlango kwa meza yake ya kazi, meza ambayo wanaume wawili huihamisha kwa jasho. Harufu ya tumbako ikatangulia. Halafu hodi.

Ko, ko, ko.

Mtu mzima hupiga hodi usawa wa kifua. Mtoto, usawa wa kiuno. Hodi hii ilipigwa chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, na mtu aliyelala.

"Nani?" Mbayo aliuliza kwa sauti ndogo.

Kikaja kitu kilichomtisha kuliko hodi yenyewe, maana sikio lake la fundi lilikwisha jua: mlango wake mpya alikuwa ameuunga kwa mbao za makasha, na ukiugonga unatoa sauti bubu, lakini sauti aliyoisikia ilikuwa nzito na safi, ilikuwa mulombwa, ilikuwa sauti ya mlango ambao haukuwapo pale, na kabla hajamaliza kuwaza hivyo ile meza ikaanza kuteleza peke yake, polepole, kwa adabu, kama inapisha mgeni, na komeo la kwanza likatoka, na la pili likatoka, na mlango ukafunguka mpaka mwisho, na nje hakukuwa na mtu, mvua tu inapiga ardhi, ila mbele ya kizingiti palikuwa na mahali pakavu, pakavu kabisa katikati ya mvua ile, parefu na papana sawasawa na mlango.

Mignonne alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mbayo," akanong'ona. "Mutoto anapiga. Kila bakigonga, naye anapiga."

Kesho yake akaitwa Mwalimu Bilali, mwuza samaki wakavu, mtu wa familia zile za Kiislamu zilizotoka Maniema. Alijulikana kwa kusomea nyumba zenye majini. Alifika saa za jua kali, akavua viatu, akasoma, akanyunyiza maji pembe zote. Alipofika mlangoni akaweka kiganja chake kwenye fremu, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Huyu si jini," alisema. "Hii nyumba ni ya nani?"

"Yangu, Mwalimu."

"Nimekuuliza ni ya nani."

Mbayo akatazama miguu yake. Mignonne ndiye aliyejibu. "Ya Kaku Ngalula, Mwalimu. Tunamulipa kila mwezi." Akamgeukia mumewe, naye Mbayo hakuinua macho. "Si uliniambia unalipaka? Mbayo! Si uliniambia?"

Bilali akakunja mkeka wake. "Jini, mi ninalifukuza. Mwenye nyumba, simufukuzi. Mu huu muji tumefukuza batu ba kutosha."

"Sasa nifanye nini?"

"Dawa ya deni ni kulipa. Hiyo dawa mi siiuzi. Fuata mulango wake kule uliko, ulipe kwa mukono wako. Na lile neno lako usiliseme."

"Neno gani?"

"Unalijua. Bote tunalijua."

Mignonne hakugombana. Alitoa vitenge vyake vya harusi, akaviuza sokoni vyote, akazifunga pesa kwenye kitambaa na kukaza fundo kwa meno. Akamwekea mumewe mkononi. "Hii ni nyumba ya mutoto wako," akasema. "Nenda."

Stesheni ilinuka moshi na dawa ya kuulia vijidudu. Mbayo alipita kati ya mafurushi, masufuria na watu waliolala macho wazi, mpaka akauona mlango wake wa mulombwa. Simone alikuwa ameukalia peke yake, amekonda, macho yameingia ndani.

"Tata Mbayo," alisema. "Kaku alisema utafika. Alikungojea sana. Alisema, ile franga ya kwanza itaninunulia dawa." Akaonyesha kwa kidevu udongo mwekundu ng'ambo ya reli. "Tulimuzika kule."

Mkono wa Mbayo ukaingia mfukoni, ukashika fundo. Angeutoa tu, mambo yangekwisha. Lakini shaka ikamwingia, shaka ile ile ya mwaka ule. Huyu binti akila pesa, je? Akija ndugu mwingine kesho kutwa, je?

"Kaku amekufa," akasema polepole. "Nitajua namna gani kama we njo wa kupokea?"

"Mi ni mujukuu wake. Unanijua tangu niko mudogo."

"Nakujua. Lakini uko na karatasi? Uko na mutu wa kukudhamini?"

Alijisikia akisema. Aliisikia sauti ya karani ikitoka kinywani mwake, aibu ikampanda mpaka masikioni, na bado mkono wake ulibaki mfukoni.

Simone akamtazama machoni. Hakulia. "Kaku alikuomba karatasi?"

Mara filimbi ya treni. Umati wote ukasimama na kusukumana, akina mama wakiita watoto, askari wakipiga kelele kwamba vitu vikubwa havipandi. Simone alinyakua furushi lake. "Tata, nipe hata ya mukate wa njiani!"

"Kesho," Mbayo akasema. Lilitoka lenyewe. "Kesho asubuhi nitakuya na shahidi."

"Kesho mi niko wapi, tata?" Na watu wakamchukua.

Treni iliondoka na watu mpaka juu ya paa. Mlango ukabaki pale chini. Mbayo akauzunguka, akafikiri kama fundi. Bibi anagonga hizi mbao, sivyo? Zikiwa kwangu, atagonga nini? Tena mulombwa kama huu hauonekani siku hizi. Akaufunga juu ya baisikeli, akausukuma mpaka nyumbani.

Kabla jua halijazama alikuwa amekwisha utundika. Ulikaa kwenye fremu yake bila kupigwa randa hata kidogo.

"Nimelipa," akamwambia mkewe. "Ona, hata mulango bamenirudishia."

Mignonne akacheka, kicheko ambacho Mbayo hakuwa amekisikia tangu mlango uanze kufunguka. Wakatoka kwa mlango wa nyuma, wakala bukari uani, na kwa mara ya kwanza wakataja jina la mtoto. Walipotaka kuingia, mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mbayo akazunguka mbele. Nako kumefungwa. Madirisha yote yalikuwa na nondo, na nondo alizitia yeye.

"Ni Banza!" akasema. "Nilikuambia ni Banza!"

"Nyamaza," Mignonne akanong'ona. "Sikia."

Ko, ko, ko. Chini kabisa. Kwa ndani.

Harufu ya tumbako ikapita chini ya mlango. Mignonne akarudi nyuma hatua kwa hatua. "Mbayo. Ulilipa?"

Mkono wa Mbayo ulikwisha kimbilia mfukoni, na mkewe akauona. Hakupiga kelele. Aliokota sufuria yake, akaitwika, akashika barabara ya kwenda Kasaji, na tone la kwanza la mvua likaanguka.

Mbayo akapiga magoti, akagonga mlango wake mwenyewe kwa ngumi. "Kaku! Fungua! Franga ninazo hapa, nalipa yote, nalipa leo leo! Kaku, fungua, muke wangu anakwenda!"

Ndani mtu alinusa tumbako, akajifuta pua taratibu. Halafu sauti ikaja kutoka sakafuni, ya upole, haina hasira hata chembe.

"Kesho, mutoto wangu. Kuya kesho."