Filamu Bubu ya Karuba

Kila Jumamosi Fifi alifanya kazi zake kwa mpangilio uleule: kuchota maji, kumenya viazi, kumfukuza ndama wa jirani aliyependa kutafuna nguo zilizoanikwa, kisha kuketi kando ya baba yake mbele ya kompyuta. Kazi tatu za kwanza alizifanya kwa sababu mama yake alikuwa na macho makali. Ya nne aliifanya kwa mapenzi.

Baba yake, Papa Théogène, alikuwa mpiga video wa Karuba, katika milima ya Masisi. Ilikuwa miaka ya vita. Watu walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena, lakini hawakuacha kuoana wala kubatiza watoto, kwa hiyo kazi haikukosekana. Kompyuta yake ya kukunja ilianguka kwenye tope siku moja ya kukimbia. Picha zilipona, sauti ikafa kabisa. Papa Théogène hakuweza kusikia kazi yake mpaka achomeke flashi kwenye lekta, yaani ile deki ya DVD iliyokaa juu ya televisheni katika ukumbi wa parokia.

Na lekta ile ilikuwa na kiburi. Ukiipa filamu yenye sauti ya aina ya MP3, iliimba. Ukiipa aina nyingine, kwa mfano AAC, ilionyesha picha safi na kunyamaza kama mkwe aliyenuna. Mwaka uliotangulia arusi nzima ilitazamwa bila sauti, na baba wa bwana arusi akaamini kwamba wamemfichia hotuba yake makusudi. Tangu hapo Papa Théogène alibandika karatasi ukutani: SAUTI: MP3, 128, STEREO. MTU ASIGUSE.

Fifi, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kugusa.

Sasa tuseme habari za Drocella, ingawa Fifi asingependa.

Drocella alifika Karuba miezi mitatu kabla, pamoja na shangazi yake, wakikimbia vita upande wa Walikale. Yeye na mama yake walipotezana njiani. Siku ya kwanza kanisani aliimba akiwa benchi la nyuma, na Mama Virginie, kiongozi wa kwaya ya watoto, akageuza shingo kama kuku aliyesikia mahindi yakimwagwa. Jumapili iliyofuata, wimbo wa kuingilia, ambao Fifi alikuwa ameuongoza peke yake kwa miaka miwili, ulikuwa wa Drocella.

Fifi hakulia. Alifanya uchunguzi. Baada ya wiki tatu za kumtazama Drocella kwa makini alikusanya makosa yake yote mazito: alipiga chafya kwa adabu mno, alisalimia wazee kabla hawajamwona, na yule ndama mla nguo hakugusa kitenge chake hata siku moja. Kila kosa lilimchoma Fifi kama upupu. Usiku aliota Drocella akiimba. Hata katika ndoto aliimba vizuri.

Ndipo Papa Théogène akaipiga video kwaya, ili ionyeshwe ukumbini Jumapili baada ya misa.

Jumamosi jioni alimwita Fifi. "Vipande vyote nimeviunganisha, na picha nimezigeuza ziwe za aina inayosomwa na lekta. Umalize sauti tu. Mimi naenda kutafuta mafuta ya jenereta."

Fifi alibaki peke yake. Kwenye kioo, Drocella alikuwa amesimama mbele ya kwaya, mdomo wazi, kidevu juu. Nyuma yake, katika safu ya pili, Fifi alijiona mwenyewe, amefichwa nusu na sikio la mvulana wa sauti ya tatu.

Alitazama karatasi ukutani. Alitazama orodha ya aina za sauti. Kidole chake kikashuka taratibu, kikapita MP3, kikatua kwenye AAC.

"Tutaona basi wataimba nini," alinong'ona, akabonyeza.

Hakutazama filamu mpaka mwisho. Kwa nini atazame? Alishajua kilichomo.

Jumapili ukumbi ulijaa. Watoto walikaa chini, wazee kwenye mabenchi, na mbele kabisa alikaa Papa Jacques, mfanyabiashara wa Butembo, ambaye lori lake lilikuwa limeegeshwa nje, tayari kuteremka saa tisa kwenda Bukavu na kuendelea hadi Hombo.

Filamu ikaanza. Kwaya ilitokea, Drocella akafungua mdomo. Kimya.

"Ongezeni sauti!" mtu alipiga kelele.

Papa Théogène aliongeza. Kimya kikawa kilekile. Drocella wa kwenye televisheni alifungua na kufunga mdomo kama samaki wa ziwani, na watoto wakaanza kumwigiza kwa vicheko. Drocella wa kweli aliinamisha kichwa. Fifi aliuma mdomo ili asicheke, na kwa dakika mbili nzima alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Masisi.

Kisha picha ikabadilika. Kwaya iliondoka, akatokea mwanamke mwembamba amesimama kando ya lori, kitambaa cha njano kichwani. Alitazama moja kwa moja mbele na kuanza kusema.

"Mama!" Drocella alipiga yowe. "Ule ni mama yangu!"

Alikimbia mpaka kwenye televisheni, akapiga magoti, akaweka viganja juu ya kioo. Mwanamke aliendelea kusema. Alinyoosha mkono kuonyesha kitu, akahesabu kwa vidole, akajifuta macho. Hakuna aliyesikia hata neno.

"Anasema nini?" Drocella aliuliza ukumbi mzima. "Jamani, anasema nini?"

Hakuna mtoto aliyecheka tena.

"Papa Jacques," Papa Théogène alisema, jasho likimtoka, "si wewe njo ulileta ile kadi yenye video ya huyu mama?"

"Nililetewa na dereva mwenzangu. Yeye njo alimupiga video njiani, Jumatatu; wapi, hakuniambia. Aliniambia tu: mutoto asikie mwenyewe. Tulitaka kumufanyia surprise."

"Na kadi iko wapi?"

"Nilimurudishia. Ameisha kwenda Goma."

Papa Théogène alichunguza waya, akachomoa flashi, akaichomeka tena. "Sijui kilichoharibika. Filamu yenyewe iko kwenye kompyuta bado, lakini sharti nigeuze yote upya toka mwanzo. Masaa mawili. Na mafuta yamebaki nusu lita."

"Mimi saa tisa naondoka," Papa Jacques alisema. "Nikichelewa, askari wa barrière ya chini watafunga barabara. Iko saa nane na nusu sasa."

Fifi alisimama nyuma ya ukumbi. Hakuna aliyemtazama. Hakuna aliyemshuku. Angeweza kunyamaza hadi uzee wake, na lawama ingebaki kwa lekta, kwa waya, kwa vita. Lakini katika ukumbi ule ni yeye peke yake aliyejua kwamba picha hazikuwa na kosa lolote, na kwamba kazi iliyohitajika haikuwa ya masaa mawili.

Drocella bado alikuwa amepiga magoti, akijaribu kuiga kwa midomo yake mwendo wa midomo ya mama yake.

"Papa," Fifi alisema. Akarudia. "Papa! Si yote. Ni sauti tu. Picha ziache zilivyo. Ni dakika tano."

"Unajuaje?"

"Niliweka AAC." Akasogea mbele. "Sikukosea. Nilitaka Drocella asisikike."

Papa Théogène alimtazama binti yake kama mtu anayetazama nyumba yake ikivuja. Kisha akafungua kompyuta aliyokuja nayo, akaichomeka kwenye jenereta, akamsukumia.

"Kaa. Tengeneza."

Fifi alitengeneza. MP3. 128. Stereo. Alibonyeza vibaya mara mbili. Drocella alisimama nyuma yake, akipumua kwa nguvu.

"Wewe Fifi," alisema polepole, "ulitaka kunifunga mimi mudomo, ukamufunga mama yangu."

Fifi aliihamishia filamu kwenye flashi, akaichomeka kwenye lekta.

Wimbo ulikuja kwanza. Fifi hakuwa amewahi kuusikiliza bila kutafuta kosa. Sasa, kwa kuwa hakuwa na haki ya kutafuta chochote, aliusikia. Ulikuwa mzuri. Haukuwa umemwondolea yeye kitu.

Kisha mwanamke wa kitambaa cha njano akasema, na sauti yake ikaujaza ukumbi:

"Drocella mutoto wangu, niko muzima. Niko Hombo. Papa Jacques akipita huko, mupande gari yake na shangazi. Nitawangoja siku kumi. Zikiisha nitaenda mbele kutafuta kazi, na sijui wapi. Kuja mutoto wangu."

"Siku ngapi zimepita?" shangazi aliuliza.

Papa Jacques alihesabu. "Sita. Tukitoka sasa, tunafika."

Jenereta ilikohoa, ikazimika. Hakuna aliyeijali. Watu walikuwa wakimbeba shangazi na virago vyake kama bibi arusi.

Fifi alisogea kando ya lori. "Unisamehe, dada," alisema.

Drocella alikuwa ameshaketi juu ya magunia. "Bado nina kasirani," alisema. "Itaisha ku njia." Lori lilipoanza kuvuta, akainama. "Na kwa ule mustari wa pili, usiharakishe! Unaharakishaga!"

Jioni Papa Théogène alikaa na binti yake mbele ya kompyuta iliyofungwa.

"Drocella ameenda," alisema. "Wimbo umerudi kwako. Sauti yako imeongezeka?"

"Hapana, Papa."

"Basi alipokuwa hapa haikupungua. Wivu ulikudanganya." Alinyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani. "Na sikia jambo la pili. Mtu asiyejua kazi akiiharibu, tunaona mara moja. Anayeijua anaweza kuiharibu bila mtu kumwona. Kwa hiyo wewe unayejua unahitaji uaminifu zaidi kuliko wengine wote. Leo umesema kweli ukiwa umechelewa, lakini umesema. Kuanzia kesho kila filamu utaitazama kwenye lekta toka mwanzo hadi mwisho kabla ya kunikabidhi. Hata arusi."

"Hata hotuba za wakwe?"

"Hasa hotuba za wakwe."

Fifi aliikubali adhabu hiyo nzito. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kwaya, akafungua mdomo, na mstari wa pili hakuuharakisha.