Kilima cha Hilaria

Kila alfajiri Hilaria alivaa raba zake na kutoka mbio nyumbani kwao Nangara, karibu na Ziwa Babati. Mwalimu Wilbroad, mwalimu wao wa michezo, alitaka kila mkimbiaji apande kilima peke yake mpaka kwenye mnara wa simu, ashuke, kisha aripoti shuleni. Ijumaa wangeshindana kukipanda, naye angechagua timu ya shule. Hilaria hakuna alichokitamani kama timu hiyo.

Lakini kilima kilimtisha. Mwaka uliopita pumzi ilimkatikia katikati ya mashindano, akakaa chini huku watu wakimcheka. Tangu hapo alijiambia hawezi. Basi akifika chini ya kilima alikata kona, akashuka ziwani kwa njia pana ambayo majani yake yalikuwa yamelala, akajimwagia maji usoni na kwenye fulana, akangoja muda wa kupanda na kushuka upite. Alifika shuleni amelowa chapachapa, na kila aliyemwona alidhani ni jasho. Mtoto huyu!

Njia ile ilikuwa ya viboko. Walipita hapo usiku kwenda kula mahindi mashambani. Hilaria alilijua hilo, na mtoto gani wa Babati asiyelijua? Alijipa moyo tu kwamba kukipambazuka wanakuwa wamesharudi majini.

Alhamisi kulikuwa na ukungu mzito. Wenye mashamba walikuwa wamekesha wakipiga madebe kuwafukuza viboko, na debe moja lilikuwa bado linalia. Hilaria aliinama kunawa. Vyura wakanyamaza ghafla. Nyuma yake mabua ya mahindi yakaanza kuvunjika, taratibu, yakimjia. Alikuwa amesimama kati ya kiboko na maji yake.

Kichwa kikubwa kikatokeza kwenye ukungu, kikasimama. Alijitupa pembeni kwenye matete, mnyama akapita akitikisa ardhi na kumrushia tope. Hilaria akainuka, akatimka bila kujua aendako, mpaka alipoukuta mnara wa simu mbele yake. Mwalimu Wilbroad alikuwa amesimama hapo.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema akihema.

"Marahaba. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuona huku. Udongo wa kilima ni mwekundu, Hilaria, na raba zako kila siku zina tope jeusi la ziwani. Ndiyo maana nimekuwa nikija hapa kuhakikisha."

Hilaria alilia, akaeleza yote. Mwalimu alimshika bega, maana aliona jinsi walivyokaribia kumpoteza.

"Miguu unayosema haiwezi ndiyo imekuleta hapa," alisema. "Ila kesho kiboko hatakuwepo. Nani atakupandisha?"

"Mimi mwenyewe," alijibu kwa sauti ndogo.

Ijumaa pumzi ilimkatikia palepale alipopaogopa. Miguu ilimwomba akae. Hakukaa. Alitembea, akakimbia, akatembea tena, mpaka mnara. Mwalimu alipotaja timu, jina lake lilikuwa la mwisho, lakini lilitajwa.

"Mkimbiaji ni yule anayeendelea kupanda wakati hakuna anayemfukuza," aliwaambia wote. Kisha akaitazama fulana ya Hilaria iliyolowa, akatabasamu. "Na hilo sasa ndilo jasho."