Mteja Asiyeagiza

Mteja akiwa hakosei hata lita moja, mtilie shaka. Binadamu hukosea. Mwenye hoteli atakwambia niletee Jumatano, mvua inyeshe, wageni wakimbie, Jumatano hiyo akupigie simu kwa haya kwamba tangi bado limejaa. Mwenye mashine ya kusaga atafiwa na mjomba wake, afunge wiki nzima. Ndivyo tulivyo. Lakini kati ya wateja wote wa dizeli waliokuwamo kwenye kompyuta ya Maram binti Darwesh, pale ofisini kwao Dunda, alikuwapo mmoja ambaye alichokadiriwa ndicho alichotumia, hakuzidi wala hakupungua. Na Maram, maskini, badala ya kuogopa akafurahi.

Tusimlaumu sana. Maram alikulia Maskati kwa mama yake, akasoma hukohuko, na aliporudi Bagamoyo kuolewa na Najim alimkuta baba yake bado anaendesha biashara kwa mdomo. Kila asubuhi Mzee Darwesh alipiga simu kwa mteja mmoja mmoja: "Habari za kuamka? Watoto hawajambo? Haya, tangi limebaki kiasi gani?" Salamu peke yake zilikula nusu ya siku. Mzee alipougua moyo akasafirishwa kwa matibabu, kazi ikabaki kwa Maram, na Maram akaleta programu ya kukadiria mahitaji. Unaipa kumbukumbu za mauzo ya miaka iliyopita, nayo inakwambia nani atataka dizeli, lini, na kiasi gani. Boza la mafuta linafika mlangoni kabla mteja hajainua simu.

"Kabla hajaomba," Maram alipenda kusema. "Hiyo ndiyo huduma."

Basi akazimwaga humo kumbukumbu zote za baba yake bila kuchagua. Hakujua kwamba Mzee Darwesh si mtu wa kufuta jina la rafiki yake marehemu. Kiwanda cha barafu cha Bwanausi, njia ya Mlingotini, kilifungwa siku mwenyewe alipozikwa, lakini jina lake lilikuwa bado limo pamoja na miaka yake yote ya kununua. Programu itajuaje kwamba mtu amekufa? Ikaona msimu wa samaki unakaribia, ikampangia dizeli Jumatatu kama zamani.

Najim ndiye aliyekuwa dereva, akapeleka. Yeye ni mtu wa Ubena, pwani kaletwa na mke na kazi, angejuaje? Alikuta lango li wazi, tangi kavu, na nyuma ya ukuta sauti ya kistaarabu ikamwambia, "Karibu. Mimina tu." Akamimina. Akaingiza kwenye simu kiasi alichoacha pale, programu ikajifunza, wiki iliyofuata ikampangia zaidi. Akapeleka tena. Tangi lilikuwa kavu tena.

"Hivi nani anapokea pale kwenye barafu?" Maram alimwuliza siku moja wakila chakula cha mchana. Bi Jokha, shangazi yake Maram aliyekuwa akiishi nao, alikuwa pembeni anachambua mchicha.

"Sijamwona. Husema nami akiwa nyuma ya ukuta. Mtu mwema, mke wangu. Anasema hajapata kuhudumiwa hivi tangu awepo." Najim akausogeza mchuzi. "Huu una chumvi nyingi."

"Mbona ni uleule wa kila siku?"

"Nipe wali mtupu. Na barafu, kama ipo kwenye friji."

Akaitafuna ile barafu kama njugu. Maram akamshika mkono akashtuka, maana ulikuwa wa baridi kabisa, na jua la saa saba lilikuwa linachoma mabati hadi yanalia.

"Barafu gani hiyo mnayoisema?" Bi Jokha akauliza. "Isiwe kwa Bwanausi."

"Kwa huyohuyo, Shangazi."

"Ala! Mwanangu, pale hapana mtu. Pale watu hawafungi hata mbuzi."

"Mtu yupo. Anatumia dizeli kushinda hoteli."

"Anaitumia kwa jenereta lipi?" Bi Jokha akashusha sauti. "Jenereta liliuzwa kabla ya arobaini ya marehemu. Mimi nililiona likipakiwa."

Maram alikuwa mbishi, kaurithi ubishi kwa babaye. Kesho yake akapanda boza na mumewe kwenda kujionea. Wakafika adhuhuri, saa ambayo sisi watu wa pwani hatumtumi mtoto dukani kama hakuna dharura. Lango lilikuwa wazi. Pale palipokuwa na jenereta palibaki sakafu ya zege na bolti zilizooza kwa kutu, majani yameota katikati. Hapakuwa na mashine hata moja, lakini ngurumo ilikuwapo, ndogo, ya chini, unaisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Na harufu ya udi, imechanganyika na shombo.

Mlango wa chumba cha barafu ulikuwa umeachama kidogo, na chini yake ukungu mweupe ulikuwa unatambaa kuja nje. Maram alisema atachungulia tu. Akachungulia, akaingiza kichwa, akaingiza mguu. Mle ndani vilipangwa vipande vikubwa vya barafu toka sakafuni hadi darini, ukuta hadi ukuta, navyo vilikuwa vya manjano. Akainama kunusa. Ilikuwa dizeli yake. Yote aliyoipanga na mumewe akaileta ilikuwa pale, imeganda, haijatumika hata tone. Hilo lililokaa mle halikuwa na haja ya dizeli. Lilikuwa limependa kuletewa.

Mlango ukajifunga.

Alipogeuka akapapasa kitasa na kwa ndani hapakuwa na kitasa, akapiga kwa ngumi, akapiga kwa kiatu, akaita "Najim! Najim, nifungulie!" na kule nje akamsikia mumewe akizungumza na mtu kwa upole, anacheka kidogo, kama jirani aliyekaribishwa kahawa, wala hakuja, na baridi ikampanda kutoka vidoleni kwenda magotini kwenda kifuani, na pumzi yake ikawa inatoka nyeupe mbele ya macho yake, hata akahisi kwamba mle ndani si yeye peke yake anayepumua, kwamba iko pumzi nyingine, taratibu, nyuma ya shingo yake, na hiyo haikuwa na ukungu.

"Karibu, mama wa huduma," sauti ikasema.

"Sileti tena!" Maram akalia. "Wallahi sileti tena!"

"Kwani nani alikuomba?"

Ilisema kwa adabu, bila hasira. Ndipo mlango ukafunguka wenyewe, jua likaingia, na Najim alikuwa amesimama karibu na boza anafunga mpira wa kumiminia.

Siku hiyohiyo Maram alilifuta jina la Bwanausi kwenye programu. Haikufaa kitu. Jumatatu Najim akaondoka na boza bila kupangiwa. Akafichwa funguo, akaenda kwa miguu na dumu begani. Akawa anakonda, midomo inapasuka, na katika joto letu hili la Bagamoyo pumzi yake ikawa inaonekana. Asubuhi moja aliamka akiwa yeye mwenyewe kwa dakika chache, akamshika mkewe kanga.

"Nifungie ndani, Maram," akanong'ona. "Miguu si yangu tena. Safari ijayo sitarudi, limeniambia."

Maram alimpenda mume huyu, tuseme ukweli. Alikataa posa za watu wenye majumba kwa ajili ya dereva wa Ubena, na ukoo mzima ukamcheka. Akafunga mlango wa chumba kwa komeo, akafunga madirisha, akamtuma Bi Jokha amwite fundi.

Fundi wa majini pale mtaani ni Bi Tabia. Asubuhi anauza vitumbua, na ulimi wake mkali kuliko pilipili yake. Aliingia na chetezo chake, akamwangalia Najim aliyeketishwa mkekani, akafukiza ubani, akaanza kazi kama kazi inavyoanzwa.

"Salaam aleikum, mgeni. U nani?"

"Aleikum salaam," mdomo wa Najim ukajibu, kwa ile sauti ya nyuma ya ukuta. "Mimi ni mteja."

"Haya mteja, unataka nini? Sema upewe, uondoke zako. Marashi? Kitambaa? Damu ya mbuzi?"

"Sitaki kitu, mama. Naletewa."

Bi Tabia akauliza tena, kwa upole, kisha kwa ukali. Jibu likawa lilelile. Akaweka chetezo chini, akawavuta wanawake wawili pembeni.

"Nimepunga majini ya bara na ya bahari," akasema chinichini, "kila moja lina shida yake. Shida ndiyo mlango wa kulitolea. Hili halina mlango. Nani kalizoesha hivi?"

"Mimi," Maram akasema, machozi yakimtoka. "Nililipelekea kabla halijaomba."

"Yarabi! Mtoto wa watu, jini hupewa likiomba, tena kwa masharti. Ukilipa kabla halijaomba, hukulipa kitu. Umejitoa wewe mwenyewe." Akafikiri. "Basi lishinde njaa. Tutakaa nalo humu, mlango umefungwa, na hapana kumpa huyu kitu, hata maji, mpaka aombe kwa mdomo wake. Likiomba tu, nina pa kulishika. Umenisikia? Mpaka liombe."

"Na mume wangu akifa kwa kiu?"

"Litaomba kabla. Aliyezoea kuletewa hana subira."

Wakakaa. Nje jua lilikuwa likipiga mabati, watoto wa jirani wanacheza, bodaboda zinapita, na mle ndani kuta zikaanza kutoa jasho, jasho likawa umande, umande ukaganda, wale wanawake watatu wakajifunika kanga juu ya kanga na bado meno yakagongana, na kila Maram alipotazama mlango aliona ni uleule mlango wa kule kiwandani, usio na kitasa kwa ndani, ingawa komeo alilifunga kwa mkono wake mwenyewe, na Najim akiwa ameinamisha kichwa hasemi, haombi, haangalii, anazidi kuwa wa buluu midomoni, hata siku ikaisha na nyingine ikaingia na ikapanda tena adhuhuri, na ile ngurumo ya chini ikaanza kutoka kwenye sakafu ya nyumba yao.

"Linakaribia," Bi Tabia akanong'ona. "Mtu asijongee."

Najim akainua uso. Midomo ikatetemeka, ikafunguka, ulimi mkavu ukatafuta neno. Lilikuwa linakuja, Bi Tabia aliapa baadaye kwamba lilikuwa linakuja, limekwisha kufika kwenye koo. Lakini Maram hakuona jini. Aliona mume wake ana kiu, mdomo umempasuka, damu imekauka kidevuni, na kikombe cha maji kilikuwa pale karibu na goti la shangazi yake. Mikono ikatangulia akili. Akakichukua, akakifikisha mdomoni.

"Usi—" Bi Tabia akapiga kelele.

Najim akanywa.

"Ahsante," ile sauti ikasema, na macho yakamtazama Maram kwa furaha kubwa. Kisha kichwa cha Najim kikaanguka begani kwake, mwili ukapata joto, jasho likamtoka, na akalala usingizi wa mtu aliyerudi safari ndefu.

Bi Jokha alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Bi Tabia hakupiga. Alikusanya vitu vyake, na mlangoni akamvuta Bi Jokha kando.

"Limetoka kwa mume," akamwambia. "Ila nje sijaliona likipita."

Bi Jokha hakutaka kulisikia hilo. Angelitakaje, na Najim anapona mbele ya macho yake? Najim alirudi kula samaki wa chumvi, akanenepa, akarudi kwenye boza lake. Na Maram akawa mke ambaye kila mwanamume pale mtaani alimtamani. Najim alikuwa hajanyosha mkono, maji yapo. Hajasema ana harusi ya kwenda, kanzu imepigwa pasi. Ofisini kompyuta ilifunikwa kitambaa ikaachwa. Maram aliwaambia tu madereva nendeni hapa, nendeni pale, na hakukosea hata lita. Wateja walimsifu. Najim alijigamba barazani, "Mke wangu ananijua kuliko ninavyojijua," na wenzake wakamwita mwenye bahati.

Mchana mmoja alirudi mapema akamkuta mkewe amekaa mkekani, mkasi mkononi, anakata bafta nyeupe. Pembeni pamba ilikuwa imeshachambuliwa, na kafuri imeshasagwa.

"Inna lillahi," Najim akasema, akivua viatu. "Nani katutoka?"

"Hajatutoka mtu."

"Sasa sanda ya nani?"

Maram akasimama. Akaishika ile bafta kwa ncha mbili, akaiinua mbele ya mumewe, toka utosini hadi nyayoni, akaona imetosha. Akatabasamu kwa upendo.

"Mwenyewe hajaomba bado," akasema.