Majina ya Waliofukuzwa Kilvarna

Rafiki yangu Fiachra, mwanahistoria wa kijiji cha Kilvarna, alikwenda kuokoa orodha ya wapangaji waliofukuzwa na kabaila wa zamani, iliyobaki chini ya jumba lake.

“Hao wafu hawakukuita, msomi,” alifoka Nuala, mwenye jumba hilo sasa. “Saa moja tu, kisha nazitia kiberiti karatasi zote.”

“Wajukuu zao ndio walioniita, mama.”

Chini ya jumba mlikuwa na giza, na kurasa zimeoza. Fiachra alisoma majina kwa sauti, akayarekodi.

Nyumbani, alipoisikiliza rekodi, kila jina lilifuatwa na mlio wa maji yakimwagwa motoni, kama mawakala wa kabaila walivyozima meko ya kila nyumba walipomaliza kufukuza watu. Alikuwa amesoma majina thelathini. Sauti ngeni, yenye chuki, ikasoma la thelathini na moja: Fiachra.

Jikoni kwake, moto ukalia chwaa, kama uliomwagiwa maji, ukazimika.