Tangi Lililokataa Kupumua

Asubuhi hiyo fundi waliyemwita Kifuu alikuwa ameshakunywa chai na kuitukana spana, yaani siku ilikuwa imeanza vizuri. Ndipo dada yake akaingiza gerejini pikapu ya marehemu mumewe. Ilikuwa na ugonjwa mmoja: haikubali mafuta. Ukitia pampu, tap, inajikata. Ukilazimisha, dizeli inakurukia usoni.

"Kaka, nitengenezee leo leo," dada alisema. "Shemeji anasema gari bovu halinifai, anakuja kulichukua. Na nisiposambaza maziwa, watoto watakula nini?"

Kifuu alisaga meno. Akitajiwa tu huyo mdogo wa marehemu, damu inamchemka. Ndiye aliyeliazima gari likiwa zima na kulirudisha likiwa hivyo. Siku marehemu alipobanwa na pumu, dada akimkimbiza hospitali alisimama kituoni kutia mafuta, tangi tupu, na pampu ikajikata, ikajikata, ikajikata. Mumewe akamfia palepale, kwenye kiti cha abiria, mdomo wazi.

Kifuu akalala chini ya gari. Mafuta yakiingia, hewa sharti itoke, na hutokea kwenye mpira mwembamba kando ya shingo ya tangi. Akauchomoa. Ndani mlikuwa na tambara, limesokomezwa kwa bisibisi mpaka likakaza kama kizibo.

"Shemeji alilalamika harufu ya dizeli inamchefua," dada alinong'ona. "Akasema ameshaitibu mwenyewe."

Kifuu alitoa tusi ambalo mama yao asingelipenda. Akalivuta tambara lote, akauchomeka mpira tena upande wa tangi, na mwisho wa pili akautia mdomoni. Ndivyo mafundi wanavyopima: puliza, hewa ikipita, kazi imekwisha.

Akapuliza. Haikupita. Akapuliza tena kwa hasira.

Tangi likamrudishia.

Haikuwa harufu ya dizeli. Ilikuwa pumzi ya moto, yenye harufu ya dawa ya kifua. Kisha, ndani ya bati, sauti: hiii… hiii…

Dada akaziba mdomo. Aliijua. Alikuwa akilala kando yake tangu alipoolewa.

"Bado mnalichezea bati hilo?" Mdogo wa marehemu alikuwa amesimama langoni, mkono ameunyoosha. "Shemeji, lete funguo."

Kifuu akatoka uvunguni, akamtupia tambara kifuani. "Umemuua kaka yako kwa hili!"

"Tambara haliui mtu. Wewe ufundi umekushinda tu. Lete huo mpira nikuonyeshe."

Akapiga magoti, akautia mdomoni. Kifuu angeweza kumzuia. Hakumzuia. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kooni.

Jamaa akapuliza. Mashavu yakavimba. Kisha yakabonyea. Hakuwa akipuliza tena. Alikuwa akivutwa. Macho yakamtoka. Akaushika mpira kwa mikono yote miwili. Haukutoka. Tangi likavuta. Likavuta tena.

"Baba watoto," dada alinong'ona, kiganja juu ya bati. "Mwache. Inatosha."

Mpira ukaachia. Mdogo mtu akaanguka, akatambaa mpaka langoni, na kifua chake kikawa kinalia: hiii… hiii… Funguo hakuziuliza tena. Mpaka leo hajaziuliza, na mpaka leo kifua hicho hakijanyamaza.

Mchana huohuo wakaenda kituoni. Dizeli ikaingia bila kusita, tangi likajaa hadi shingoni. Dada akaangua kilio cha hasira, akilipiga gari kwa ngumi.

"Siku ile je?" alisema. "Ungekubali siku ile tu!"

Kifuu akaenda kufunga kifuniko cha tangi. Jua lilikuwa la utosi, milango imefungwa, vioo vimepandishwa, ndani hamna mtu. Kwenye kioo cha abiria palikuwa na ukungu mdogo, wa ukubwa wa mdomo. Akaufuta kwa kiganja. Haukufutika, ulikuwa upande wa ndani.

Ukafifia wenyewe. Kisha ukarudi.