Ishara Ambayo Haikumfikia Chloé

Kila Jumamosi asubuhi watoto wa kanisa la Wakongo pale Rosettenville, mtaa wa ugenini, walitoka na baiskeli zao, saba kwa mstari mmoja. Mbele alitangulia Papa Pacifique, kama watoto walivyomwita kwa heshima, mlinzi wa ghala moja mjini, mtu aliyekwenda kazini kwa baiskeli miaka kumi na mmoja bila kugongwa hata mara moja. Nyuma kabisa alikuwa Cédric, kijana wa miaka kumi na sita, aliyechunga magari yanayotoka nyuma. Jocelyne, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa wa tano. Aliyemfuata ni Chloé, mtoto wa jirani yao, mwenye miaka tisa.

Sheria za Papa Pacifique hazikuwa nyingi, lakini hazikuwa na mchezo. Mkono juu, simama. Mkono pembeni, tunakata kona. Mkono chini, kidole kikionyesha lami, kuna shimo. Kila ishara ilipokelewa na kupitishwa nyuma, mtu hadi mtu, mpaka imfikie Cédric.

"Aliye nyuma yako haoni barabara," alizoea kusema Papa Pacifique. "Anaona mgongo wako tu. Usipoonyesha, umemfumba macho."

Jumamosi ile walivuka roboti, ile taa ya barabarani, ilipokuwa ya kijani, wakaingia mtaa wenye spaza, kiduka cha mtaani. Nje ya duka hilo wameketi wasichana watatu wa darasa la Jocelyne, wanakula chipsi. Loo! Wiki nzima hao walikuwa wamemcheka shuleni, wakiiga ishara zake za baiskeli kwa kupunga mikono na kusema, "Eish, ndege wa Kongo huyo anataka kuruka!" Jocelyne alipowaona, aliinamisha uso.

Mbele yake Exaucé, mtoto wa nne kwenye mstari, alishusha mkono, kidole chini. Palikuwa na shimo la maji taka lisilo na mfuniko, maana mifuniko ya chuma ya mtaa ule wezi walikuwa wameshaibeba. Jocelyne aliliona, akalikwepa. Lakini mikono yake yote miwili ilibaki kwenye usukani, akawapita wenzake wa darasa kama mtu anayejiendeshea peke yake.

Aibu ya sekunde tatu, jamani! Nyuma yake kilisikika kishindo cha chuma, kisha kilio cha Chloé.

Kofia ngumu iliokoa kichwa cha Chloé, lakini mguu wake ulivunjika mara mbili. Walipokuwa wakisubiri gari la wagonjwa, Papa Pacifique alimgeukia Jocelyne.

"Jocelyne, ishara ilipita?"

"Ilipita, Papa. Nilionyesha. Yeye hakuangalia."

Uongo ulimtoka upesi hata yeye mwenyewe alishangaa. Cédric wakati ule alikuwa ametazama nyuma, gari lilikuwa linakuja. Hakuna aliyeweza kumbishia.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Kina mama walipiga marufuku baiskeli, wakamlaumu Papa Pacifique kwa kuwatoa watoto wadogo barabarani. Wengine walimtaja Chloé kwa kutikisa kichwa, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Si mmeona?" Jocelyne aliyasikia yote. Kila alipotaka kusema kweli, alirudi nyuma. Alijiambia kwamba hata akisema, mguu hautaunga. Basi akanyamaza, na kunyamaza kukazidi kumla.

Alhamisi mama yake alimpeleka hospitalini saa za kutazama wagonjwa. Papa Pacifique alikuwepo, na Mama Arlène, mama yake Chloé, msusi ambaye tangu Jumamosi hakuwa amegusa kichwa cha mteja. Chloé amelala, mguu umetobolewa na kutiwa vyuma. Daktari alikuwa amesema watampasua tena, na hata hivyo hakuahidi kwamba mguu utanyooka.

"Yaya Jocelyne," Chloé alisema kwa sauti ndogo, akimwita dada mkubwa kwa desturi ya kwao. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Ulinionyesha shimo na mimi sikuangalia. Nimejaribu kukumbuka mkono wako, siukumbuki. Nilidhani nakutazama wewe tu. Mama analia kwa sababu yangu, na Papa Pacifique anatukanwa kwa sababu yangu."

Jocelyne alitamani ardhi ipasuke immeze. Alishika chuma cha kitanda.

"Sikukuonyesha," alisema. "Chloé, hukuona mkono kwa sababu sikuutoa. Wasichana wa shule walikuwa pale, nikaona haya. Halafu nikasema uongo."

Mama yake Jocelyne alijifunika uso kwa kitenge. Mama Arlène aliinuka. Chloé ndiye aliyeuliza kwanza.

"Kwa hiyo nilikuwa naangalia?"

"Ulikuwa unaangalia. Uliangalia vizuri."

Mtoto yule alianza kulia, kilio cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Mama Arlène alimkumbatia, kisha akamtazama Jocelyne kwa macho mekundu.

"Leo siwezi kukuambia nimekusamehe," alisema. "Nikisema, nami nitakuwa mwongo. Lakini kesho njoo, umsomee masomo yake. Na keshokutwa uje."

"Nitakuja, Mama."

Papa Pacifique alimshika Jocelyne mkono. Alimpeleka dirishani, akaongea polepole, bila ukali, na hilo lilimuuma Jocelyne zaidi ya kofi.

"Jumapili utasimama kanisani useme hayohayo. Nami nitasimama kando yako, maana mimi ndiye niliyewapeleka. Ukiona haya, onea haya uongo, usionee haya kumlinda mwenzako. Wale waliokucheka wamemaliza chipsi zao wakaenda nyumbani. Sasa sikiliza, mwanangu. Kosa la barabarani lilivunja mguu wa Chloé, na huo madaktari wanahangaika nao. Uongo wako ulimfanya alale siku tano akiomba msamaha kwa kosa lisilo lake, na huo hakuna daktari aliyeweza kuutibu. Dawa yake ulikuwa nayo wewe peke yako, siku zote tano."